Maji Niliyotema Mlangoni pa Mkurugenzi

Kwetu Taita mwajiri akitaka kukukata mshahara anakukata tu. Unagundua mwisho wa mwezi, mnagombana, maisha yanaendelea. Upande wa pili wa mpaka wana adabu zaidi. Mkurugenzi wa shule alituita ofisini kwake saa ya mapumziko, sisi walimu wanne kutoka Kenya, akatuketisha kwenye makochi ya wageni, akaagiza chai ya maziwa, sambusa za nyama na sahani ya ndizi mbivu. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Mimi nilipoziona zile sambusa nikajua tumekwisha.

Naishi Taveta mjini, chumba na sebule nyuma ya duka la mbolea. Kila asubuhi napanda bodaboda hadi mpakani, nagongewa muhuri, navuka kwa miguu, halafu nachukua bajaji hadi shuleni. Watu wakisema wamekwenda kufundisha Kiingereza ng'ambo, wanamaanisha Uchina au Uarabuni, na wanatuma picha za theluji. Ng'ambo yangu mimi naiona nikianika nguo. Lakini ni ng'ambo kweli, yenye pesa yake, sheria zake, na kibali cha kazi chenye picha yangu nimenuna. Nilikwenda huko kwa sababu shule ya binafsi niliyokuwa nikifundisha Voi ilifungwa, serikali haijaniajiri tangu nitoke chuoni, na nina binti wa kidato cha tatu katika shule ya bweni karibu na Voi. Baba yake alishasahau njia ya kuja kwetu. Ule mshahara ndio ulikuwa karo. Ukipungua, mtoto anarudi nyumbani, na sikuwa na mpango mwingine wowote mfukoni.

Mkurugenzi ni mtu wa sauti ya chini. Huvaa suti ya kijivu hata jua likiwaka kama tanuri, na vyeti vyake vimening'inia ukutani kila kimoja na fremu yake. Alingoja mpaka tumeuma sambusa.

"Walimu wangu wapenzi," akasema, "ninyi wenzetu mnarudi kulala kwenu kila siku. Hamlipi kodi ya nyumba hapa. Bodi imeona si haki kwa walimu wazawa, ambao wanapanga nyumba hapa hapa na wanapata kidogo kuliko ninyi. Kwa hiyo kuanzia mwezi huu tutapunguza theluthi ya mishahara yenu. Naomba mtuelewe."

Damu ikanichemka. Wenzangu watatu walitazama vikombe vyao. Mwalimu wa hesabu, mtu mzima mpole wa Ronge, huko huko kwetu Taita, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata kwa mbuzi, alikuwa bado na sambusa mdomoni na hakujua kama ameze au aitoe. Wale wasichana wawili wanaofundisha madarasa ya chini walishikana mikono kwenye kochi.

"Mkurugenzi," nikasema, "hizo pesa utakazotukata sisi, utawaongezea hao walimu wazawa?"

"Hilo, Madam, ni suala la uongozi."

"Basi usiseme ni haki. Sema unatukata."

"Tuzungumze kwa ustaarabu, Madam."

"Mimi ni mstaarabu. Ndiyo maana bado nimeketi."

Akatabasamu. Kisha, kwa upole ule ule wa kutukaribisha ndizi, akatukumbusha kwamba vibali vyetu vya kazi viliombwa na shule, na kwamba asiyeridhika hajafungwa kamba, mpaka uko wazi. Mikataba mipya tungeikuta kwa mhasibu. Tuisaini kabla mwezi haujaisha. Akatuambia tumalize chai.

Jioni tulikaa kwenye kibanda cha mama wa chapati, upande wetu, karibu na soko la Taveta. Nilitaka tukubaliane kwamba hakuna atakayesaini, na nilitaka kila mmoja alitamke kwa mdomo wake. Mwalimu wa Ronge alitamka huku akikuna kichwa. Msichana wa kwanza alitamka. Wa pili aliniuliza, "Na akitufuta, Madam? Kule kwetu wananingoja mimi."

"Akitufuta wote wanne kwa mpigo, nani atafundisha?"

"Ataleta wengine. Kenya imejaa walimu wanaotembea na bahasha za vyeti."

Hapo alisema kweli, na ukweli wake uliniudhi kuliko uongo. Tulikula chapati tukaachana. Katikati ya wiki nilimwona akitoka kwa mhasibu akitazama viatu vyake, nikajua ameshasaini. Sikumgombeza. Hasira yangu yote nilikuwa nimemwekea mtu mmoja, na sikutaka kuimwaga njiani.

Nilimpelekea Mkurugenzi mkataba wangu wa zamani, ambao ulikuwa haujaisha, mpaka Desemba, na mshahara umeandikwa waziwazi. Aliusoma kama hajawahi kuuona maishani, ingawa sahihi ya chini ilikuwa yake. Akasema ataufikisha kwenye bodi. Bodi ya shule ile ni yeye, mkewe na shemeji yake. Nilirudi tena kesho yake. Bodi haijakaa. Nikarudi keshokutwa. Bodi ina msiba Moshi. Kila mara aliniuliza habari za nyumbani na kila mara nilijibu nzuri, na kila mara nilitoka pale meno yamebanana mpaka masikio yakiuma. Nilianza kumkaripia mtu wa bodaboda bure. Darasani, mtoto wa darasa la nne aliinua mkono, nikadhani ana swali la somo, kumbe anataka kujua kama mwalimu anaumwa.

Siku ya Ijumaa nikapigiwa simu kutoka shule ya binti yangu. Ana homa, amelazwa kwenye chumba cha wagonjwa hapo shuleni, wamempima, ni malaria, ameanza dawa, nisiwe na wasiwasi. Ukitaka kumpa mzazi wasiwasi, mwambie asiwe nao. Jumamosi nilipanda gari la Voi alfajiri, nikamwona mtoto, nikamlisha uji, nikaridhika kwamba macho yake yanacheka, na wakati wa kurudi nikashuka njia ya Bura kumsalimia mama.

Mama yangu nilimkuta shambani anakata kabichi za kupeleka sokoni. Ni mwanamke wa kanisa, skafu ya chama cha akina mama haimtoki shingoni. Hakunisalimia. Alininyooshea kisu, si kwa ubaya, ndivyo anavyoongea akiwa kazini.

"Umeingia na nini kwenye shamba langu?"

"Nimechoka tu, mama."

"Hujachoka. Umekasirika. Na mtoto yuko na homa."

"Mama, ni malaria. Wamempima."

"Sijasema si malaria. Nasema umekasirika."

Nikamweleza yote, kuanzia sambusa. Alisikiliza huku akikata. Nilipomaliza akaniuliza, "Umetasa?"

Kutasa ni desturi yetu Wadawida, watu wa Taita. Unapiga funda la maji, zamani ilikuwa pombe ya miwa, unayapuliza chini kwa manyunyu, unasema kilichokuudhi, na hasira inatoka pamoja na maji. Kisha unawaombea watu mema, mpaka yule aliyekukosea. Tunaamini hasira ikifichwa moyoni haikai kimya. Hutoka yenyewe na kudhuru, na huanza na watu wa nyumbani kwako kabla ya kufika kwa adui. Mapadri wa zamani pale Bura hawakuipenda. Mama hakuwahi kuiacha, na haoni inagombana wapi na rozari yake.

"Nitase hapa?" nikamuuliza.

"Hapa nani amekukosea? Kabichi?" Akatupa moja kwenye gunia. "Nenda kule ilikoanzia. Useme mbele ya Mungu huyo mtu amekufanya nini, utoe, uache. Usiniletee hasira ya watu kwenye nyumba ambayo mjukuu wangu atakuja kulala."

Mimi ni mtu wa kusoma. Sijui naamini kiasi gani na sipendi kuulizwa. Najua tu kwamba mtoto wangu alikuwa na homa na mimi nilikuwa na hasira, na homa ilikuwa tayari ina daktari wake.

Jumatatu nilivuka mpaka mapema kuliko kawaida. Mlima ulikuwa wazi wote, mweupe juu, na uwanja wa shule hauna mtu. Nilisimama mbele ya mlango wa ofisi ya Mkurugenzi, nikafungua chupa yangu ya maji, nikapiga funda, nikapuliza kwenye saruji. Nikasema kwa Kidawida kwamba huyu mtu amenikosea, kwamba anataka kula jasho langu kwa tabasamu, na kwamba hasira yangu isimguse binti yangu, wala watoto wake yeye, wala mtoto yeyote wa shule hii. Nikapiga funda lingine, nikamwombea afya. Hilo la afya lilinitoka kwa shida. Nikangoja kujisikia mwepesi, kama mama anavyosema mtu hujisikia, lakini nilikuwa mzito vile vile.

Nilipogeuka, mlinzi alikuwa nyuma yangu, fimbo mkononi, macho yamemtoka.

"Madam, unafanya nini hapo?"

"Naomba."

"Kwa mate?"

"Kwa maji. Habari ya asubuhi?"

Alinipisha njia pana ya kupita ng'ombe.

Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba niko ng'ambo. Bura, mwanamke akitema maji mbele ya mlango wa mtu asubuhi na mapema, jirani anasema Amina na kuendelea kukamua ng'ombe wake. Pale walikuwa hawajawahi kuona kitu kama kile, na walikuwa wamesikia mengi kuhusu sisi watu wa Taita, mengi yakiwa yametiwa chumvi. Kufikia chai ya saa nne, mpishi alinimiminia bila kunitazama. Kufikia chakula cha mchana, maji yalikuwa yamegeuka damu ya jogoo, na marehemu bibi yangu, aliyeuza mboga maisha yake yote, alikuwa mganga aliyeogopwa mpaka Tanga. Mwalimu mmoja wa kule kule aliniomba radhi kwa jambo ambalo hata sikulikumbuka.

Na Mkurugenzi? Mkurugenzi alishuka kwenye gari lake, akaambiwa, akautazama mlango wa ofisi yake kwa mbali, akasema leo ana kazi za maktaba. Alikaa maktabani siku nzima katikati ya ramani na mafuvu ya panya ya somo la sayansi. Alasiri gari moja la shule likakata kamba ya klachi palepale getini. Lile gari lilikuwa likilia tangu muhula uliopita, dereva mwenyewe alishaliandikia ripoti mara kadhaa, lakini watu wote uwanjani waligeuka wakanitazama mimi.

Wakati wa kurudi, mwalimu wa Ronge alinikimbilia mpakani. Mtu mpole, nimeshasema, lakini siku hiyo alikuwa anacheka peke yake.

"Dada, umetuokoa! Sasa wewe nyamaza tu. Usiseme kitu. Mwache aogope."

"Sikumroga."

"Mimi najua hukumroga. Yeye hajui. Si ndiyo vizuri?"

"Si vizuri."

"Ni vizuri kabisa! Yule jamaa hata kiti chake hakikalii."

Sitadanganya, wazo hilo lilinishika. Nililala nalo, nikaamka nalo. Kunyamaza tu, halafu karo inalipwa, nani angekataa? Lakini nilivyozidi kulitazama ndivyo lilivyozidi kuninukia vibaya. Mwalimu aliyeshinda kwa uchawi si mwalimu tena, ni mchawi mwenye chaki. Wazazi wangeanza kuwatoa watoto wao kwenye madarasa yangu mmoja mmoja, kwa adabu ile ile ya sambusa. Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo ni kiburi, na nalisema kama lilivyo. Mkataba ulikuwa upande wangu. Sheria ilikuwa upande wangu. Nilitaka nishinde kwa sababu nilikuwa sahihi, si kwa sababu mtu mzima mwenye digrii ameogopa saruji iliyolowa.

Kesho yake aliniita maktabani. Alikuwa ameacha mlango wazi na amekaa karibu nao.

"Madam, habari za nyumbani? Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na binti?"

"Alikuwa na malaria. Anaendelea vizuri."

Aliposikia malaria alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, naamini. Kisha akasema kwamba ametafakari. Mimi ni mwalimu mkongwe, mchango wangu unaonekana, kwa hiyo wangeuacha mshahara wangu kama ulivyokuwa. Ibaki siri kati yetu.

"Na wenzangu?"

"Wenzako hawajalalamika kwa namna hiyo."

Nilitaka kucheka, nikajikaza. Nikamwambia, "Mkurugenzi, mimi sikukuroga." Nikamweleza kutasa ni nini, kwa utaratibu, kama ninavyowaeleza watoto somo jipya, mama yangu na kanisa lake na kabichi zake. Nikamwambia nilimwombea afya yeye na watoto wake. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Kwa hiyo ni dua," akasema.

"Ni dua."

"Basi nakuomba uitoe."

"Nitoe nini?"

"Hiyo dua, Madam."

"Haitolewi. Kilichotakiwa kutoka ni hasira, na haijatoka, kwa sababu kilichoileta bado kipo."

Nilikuwa naeleza tu. Lakini alisogeza kiti chake karibu zaidi na mlango, nikajua amesikia tishio. Nikapiga meza ya maktaba kwa kiganja, fuvu moja la panya likaruka.

"Weka maji kando!" nikasema. "Ukitaka kuogopa, uogope vitu vya kuogopwa. Sisi wanne ndio tunaofundisha Kiingereza na hesabu shule hii, darasa la kwanza hadi la saba. Mitihani ya taifa ya darasa la nne na la saba iko mlangoni. Bango lako pale barabarani limeandikwa walimu kutoka Kenya, na picha ni yetu. Tukiondoka Ijumaa, wazazi utawaambia nini Jumatatu? Na mimi siendi kwa mganga. Naenda ofisi ya kazi ya serikali yenu na mkataba wangu mkononi, nikae kwenye benchi mpaka wanisikilize. Nina uzoefu wa kukaa kwenye mabenchi."

Nje watoto walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha.

"Kwa hiyo unataka nini, Madam?"

"Mshahara wa mkataba wa zamani, sisi wote wanne, pamoja na yule aliyesaini. Kwa maandishi. Na vibali vyetu visiguswe."

Akasema itabidi alifikishe kwenye bodi. Nikamwambia asalimie mkewe na shemeji.

Bodi ilikaa haraka safari hiyo. Tuliitwa tena kwenye makochi, na ilikuwa ofisini kwake, maana sasa alikuwa akiingia, ingawa aliruka ile sehemu ya mlangoni kama mtu anayeruka dimbwi. Chai ilikuwepo. Sambusa hazikuwepo. Alitugawia karatasi, kila mtu na yake, zimepigwa muhuri na kusainiwa, kwamba mishahara inabaki ilivyokuwa na mkataba mpya wa yule msichana umefutwa. Yeye aliisoma akaanza kulia kimya kimya, mwenzake akampa kitambaa. Mwalimu wa Ronge alinikonyeza.

Kisha Mkurugenzi akafungua droo, akatoa chupa ya maji ya dukani, mpya, haijafunguliwa, akaiweka mezani mbele yangu kwa mikono miwili.

"Sasa, Madam," akasema, "naomba."

Wote wakanitazama. Ilikuwa ni haki yake kuomba, nilifikiri, maana mimi ndiye niliyeanza. Nikafungua chupa, nikaenda mlangoni, nikapiga funda. Maji yakakaa mdomoni. Nikaitafuta ile hasira nione kama imelegea, na nikaikuta imekaa palepale, mikono kifuani. Ile karatasi ilikuwa nzuri. Lakini mkataba wa zamani pia ulikuwa karatasi nzuri, na una sahihi ile ile.

Nikayameza maji.

"Bado," nikasema.

"Bado nini?"

"Bado nina hasira, Mkurugenzi. Siwezi kutema maji niseme imeisha na bado iko ndani, huo ni uongo. Tungoje mshahara uingie."

Mwalimu wa Ronge akapaliwa na chai. Mkurugenzi alinitazama muda mrefu, kisha akaitazama chupa, kisha akamwita mhasibu.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilimtisha. Labda nilimtisha. Lakini sikumdanganya hata neno moja, na ningetema yale maji bila kumaanisha, mama angejua kwa sauti yangu tu kwenye simu. Binti yangu alipona kwa dawa za hospitali na akarudi darasani. Mimi niliendelea kuvuka mpaka kila asubuhi, nikaendelea kufundisha, nikaacha kumkaripia mtu wa bodaboda. Mlinzi alianza kunisalimia kabla sijamsalimia.

Mshahara uliingia kabla mwezi haujaisha, jambo ambalo halijawahi kutokea katika shule ile tangu ijengwe. Nilikuwa katikati ya somo, ujumbe wa benki ukaingia, nikautazama chini ya meza kama mwanafunzi mtundu. Ulikuwa kamili. Kupitia dirishani nikamwona mwalimu wa Ronge, kwenye darasa la jirani, akininyanyulia kidole gumba, na wale wasichana wawili wamekumbatiana mbele ya watoto waliokuwa wanashangaa. Nilimaliza somo langu, nikasahihisha madaftari ya mstari wa mbele, nikafuta ubao. Sikutaka Mkurugenzi aone nimekimbia.

Alikuwa amesimama barazani ananingoja, suti ya kijivu, chupa mkononi. Nikaichukua, nikapiga funda, nikapuliza chini mbele ya mlango wake mchana kweupe, shule nzima ikitazama madirishani. Nilisema kwa Kiswahili ili asikie mwenyewe. Nikasema alinikosea na amerekebisha. Nikawaombea watoto wake usingizi mzuri, magari yake yafike salama, wanafunzi wa darasa la nne na la saba wafaulu wote, na yeye mwenyewe aishi mpaka awaone wajukuu. Akasema Amina. Mlinzi naye, kutoka getini, akasema Amina.

"Imeisha, Madam?" Mkurugenzi akaniuliza kwa sauti ndogo.

Nikajichunguza. Nilikuwa mwepesi, kama vile mama alivyosema mtu huwa. Ningeweza hata kula naye.

"Imeisha," nikamwambia. "Kabisa."

Akashusha pumzi, mabega yakamlegea, akatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona kabla, la mtu wa kawaida. Akaniuliza kama ningependa chai.

"Ningependa," nikasema, "maana sasa tunaweza kuongea vizuri. Nataka tuzungumze nyongeza yetu ya mwaka ujao."

Nilisema kwa sauti ya chini, bila hasira hata chembe. Akarudi nyuma hatua moja, na safari hii haikuwa kwa sababu ya maji.